Msiba Usio na Matusi

Mama Kolumba Ngonyani aliingia msibani amevaa suruali ya marehemu.

Ilikuwa ile ya kaki yenye kiraka gotini, ambayo Mzee Gaspari Luhanga aliivaa kila alipokwenda kugema ulanzi, pombe ya mianzi. Mama Kolumba aliikaza kiunoni kwa kamba ya katani, akavaa na kofia ya marehemu, akashika kikombe chake cha mwanzi, kisha akaanza kukata uwanja kwa mwendo wa marehemu mwenyewe: bega la kushoto chini, la kulia juu, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi usiokwisha. Alipolifikia jeneza alisimama, akalinyooshea kidole, akapanua kinywa mpaka kimio kikaonekana.

"Poleni sana wafiwa," sauti yake ikafika, laini kama uji wa mgonjwa. "Marehemu alikuwa mtu mwema. Tutamkumbuka daima."

Desderia Luhanga, binti wa marehemu na Meya wa mji wa Nyamvuli, aliutazama mdomo wa Mama Kolumba. Ulikuwa bado unakwenda. Mate yaliruka, mishipa ya shingo ilisimama, kikombe kilipigwa juu ya mfuniko wa jeneza, ko, ko, ko. Na masikioni mwa Desderia sauti ile ile ya Mama Kolumba, na mikwaruzo yake ya ugoro, iliendelea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Uani palikuwa na watu tele. Wote walikuwa wametazama chini. Watu wa Nyamvuli walikuwa wameacha kutazamana midomoni tangu ushanga wa sikioni ulipoanza kutumika, kwa kuwa mdomo na sauti havikupatana tena, na kuvitazama pamoja kulileta kizunguzungu. Walizoea kutazamana mabegani. Desderia naye alikuwa na mazoea hayo. Leo tu, hakujua kwa nini, macho yalikataa kushuka.

Mama Kolumba alinyamaza. Akasubiri. Ndivyo mtani afanyavyo: hutupa neno, kisha husubiri lirudi. Wangoni ni watani wa Wahehe. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka kuzikana, wakakubaliana watukanane. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni huja kumsema maiti mbele ya wanawe, amseme ubahili wake na ulevi wake, mpaka mfiwa acheke. Na kicheko kikishafungua mlango, machozi hupata pa kupitia.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mkekani aliitikia, "Amina."

Mama Kolumba akaliingiza dole gumba sikioni kwa hasira, akalisugua kama aliyeingiwa na mdudu. Ushanga ulikuwa umekaa pale pale, mdogo kuliko punje ya ulezi, kama alivyowekewa langoni alipoteremka kutoka Songea. Kila mgeni aliwekewa. Kila mtoto wa mji aliwekewa siku alipoanza kusema.

Desderia alishika kifua chake. Tangu baba alipokata roho, hakuwa ametoa chozi hata moja. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema, au alisikia wakisema, kwamba kiongozi ni moyo.

* * *

Makaburi ya Nyamvuli yalikuwa kilimani, chini ya nyavu za ukungu. Nyavu zile zilisimama kwenye nguzo ndefu kutoka upande mmoja wa mlima mpaka mwingine, nyembamba kama utando, na usiku kucha zilikamua ukungu na kutiririsha maji kwenye mapipa ya mji. Mji ulikuwa umezaliwa kwa sababu ya maji hayo, baada ya mito kukauka. Na nusura ufe kwa sababu yake.

Desderia aliikumbuka ile siku kila alipopita hapa. Mkutano wa mgao wa maji, watu wa Mtaa wa Juu na watu wa Mtaa wa Chini, yeye akiwa diwani mpya. Mtu mmoja akamtukania Mzee Kastori mama yake aliyekufa. Tusi moja. Likajibiwa kwa jiwe, jiwe likajibiwa kwa panga, na kabla jua halijageuka Mzee Kastori alikuwa amelala juu ya meza ya mkutano, damu inadondoka kwenye karatasi za agenda. Desderia ndiye aliyemfumba macho.

Kwa hiyo alipokuwa Meya alileta Ungwana. Ndilo jina la mtambo. Ushanga hulidaka neno kabla halijafika kwenye ngoma ya sikio, hulipima, na likiwa na makali hulizima kwa wimbi la sauti lililogeuzwa, kisha huweka neno jingine mahali pake kwa sauti ya msemaji yule yule, iliyolainishwa. Yote hayo hufanyika kabla jicho halijapepesa. Kamati nzima ilikaa miezi kuulisha mtambo matusi ya Kiswahili, Kihehe, Kibena na Kingoni, na kuyapanga kwa ukali wake. Kwa ajili ya Mzee Kastori, waliweka juu kabisa maneno yote mabaya yanayomhusu aliyekufa. Hayo yazimwe kwanza, yazimwe yote.

Walikuwa watu wazima kwenye kamati ile, waliozikiwa wazazi wao na watani wakishangilia. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka utani. Mtu huwa hakumbuki kuhesabu mate yake mwenyewe.

Wabebaji waliliweka jeneza kando ya shimo, wakashika kamba. Ndipo Mama Kolumba alipopita katikati yao, akakunja suruali ya marehemu, akajitosa kaburini. Tifu la udongo likaruka.

"Ningependa kubaki hapa kidogo," sauti yake ikapanda kutoka shimoni, "kama haitawasumbua."

Kichwa chake kilionekana, kofia imekaa upande. Alikuwa anaupiga udongo kwa ngumi zote mbili.

"Mtani," Desderia alisema akichuchumaa ukingoni, "toka basi. Tumzike mzee."

"Utaniwia radhi, mwanangu. Nafurahia sana hali ya hewa ya humu ndani."

Mbebaji mmoja alikohoa kuficha kicheko. Desderia hakucheka. Macho ya Mama Kolumba yalikuwa mekundu, na hayakuwa na mzaha hata kidogo. Yalikuwa ya mtu aliyesafiri kutwa nzima kuja kufanya jambo moja kwa rafiki yake, na sasa amefungwa mikono. Mama Kolumba na Gaspari walikuwa wametukanana miaka arobaini. Hawakuwahi kununiana hata siku moja.

"Hatoki huyo," alisema Leonsi nyuma yake. Leonsi alikuwa binamu yake Desderia na fundi mkuu wa Ungwana, mtu mrefu mwenye kibao cha mtambo kiganjani saa zote. Akainama karibu. "Dada, sikiliza. Naweza kuzima hapa makaburini tu. Kamduara kadogo. Mtani aseme yake, tuzike, niwashe. Nani atajua?"

"Wote waliopo hapa watajua."

"Na nani atakulaumu? Ni baba yako!"

"Ndiyo maana."

Leonsi akashusha pumzi. "Sasa unaanza ukaidi wako. Mzee alale juani kwa sababu ya kanuni?"

"Leonsi, unamkumbuka Nolasko?"

Leonsi aligeuza uso upande wa chini wa makaburi, ambako mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti peke yake, anang'oa magugu.

* * *

Nolasko Mgongolwa alikuwa fundi wa nyavu. Aliteleza kwenye nguzo asubuhi ya baridi, masika yaliyopita, akaanguka. Watani wake walikuja, nao wakafika masikioni mwa watu wakiwa wapole kama masista. Mama yake, Sabina, alikwenda ofisini kwa Meya na khanga ya msiba mabegani, akaomba mtambo uzimwe mpaka mwanawe azikwe. Desderia alimkalisha kiti, akampa maji, akamshika mkono. Halafu akamwambia, "Sheria haina shemeji, Mama Nolasko. Nikikufungulia wewe, kesho nitamfungulia mwingine." Na Sabina akasema ameelewa.

Au Desderia alisikia hivyo.

Sasa alimwacha Leonsi pale, akamteremkia yule mwanamke wa magugu.

"Mama Nolasko."

"Abee, Mheshimiwa." Sabina aliendelea kung'oa. Mikono yake ilijua kazi. Iliacha maua, ikachukua magugu.

"Nimekuja kukuuliza jambo. Siku ile ulipokuja ofisini. Nataka kujua ulijisikiaje."

Sabina alisimama polepole. Alijipangusa udongo kwenye khanga. Desderia alifanya kitu ambacho katika mji ule kilikuwa karibu na utovu wa adabu: aliinua macho kutoka mabegani, akaukazia macho mdomo.

Mdomo ukafunguka, ukasema neno moja, labda mawili, ukajifunga kama mlango.

"Ulifanya ulivyoweza, Mheshimiwa," sauti ikaja. "Kila mtu ana majukumu yake. Mimi sina kinyongo hata kidogo, na ninakuombea afya njema."

Sauti iliendelea muda mrefu baada ya mdomo kufungwa. Ilimtakia na uongozi mwema.

Desderia aliogopa. Si kwa sababu ya neno lile, ambalo hakulisikia. Ni kwa sababu ya yote mengine. Watu wa Mtaa wa Chini waliokuja kila mwezi kumshukuru kwa maji wanayopata: walikuwa wanasema nini? Wazee wa soko waliompongeza kwa ushuru mpya? Alikuwa amelala usingizi mzito miaka mitatu, akijua mji wake umetulia. Alikuwa ameutuliza kama mtu anayetuliza mtoto kwa kumziba mdomo.

Lakini pia alimwona Mzee Kastori, juu ya meza. Hilo nalo lilikuwa kweli. Tangu Ungwana, hakuna jiwe lililorushwa Nyamvuli. Watoto waliozaliwa hawakujua sauti ya mama anayetukanwa sokoni. Nani alimpa haki ya kuichezea amani hiyo kwa sababu amefiwa?

Alirudi juu. Leonsi alikuwa anamngoja, kidole juu ya kibao.

"Kamduara kadogo?" aliuliza.

"Hapana. Mji mzima."

"Dada!"

"Mji mzima, Leonsi. Mpaka baraza likae na wananchi na kuamua upya, hadharani, kwa sauti zao wenyewe."

"Wewe unajua leo ni siku ya mgao? Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini wako foleni moja kwenye mapipa, sasa hivi, hapa tunapoongea! Umemsahau Kastori?"

"Sijamsahau. Nilimfumba macho kwa mkono huu." Aliuinua auone. "Nikimfungulia baba yangu peke yake, nimeiba. Nikimfungia, nimemdhulumu, kama nilivyomdhulumu Nolasko. Imebaki njia moja, nayo inaniogopesha. Nipe sauti ya mji kwanza."

Leonsi akagusa kibao, akaitikia kwa kichwa: sema.

"Ndugu zangu wa Nyamvuli," alisema Desderia, na kila sikio la mji, kwenye foleni ya maji, jikoni, darasani, likamsikia. "Ni mimi, Desderia, binti wa Gaspari. Nazima Ungwana. Mtasikia maneno yenu kama yalivyo, na mengine yatauma. Tuliuachia mtambo kazi ya kutustahi, na sisi tukasahau kuifanya. Naombeni tuifanye wenyewe leo. Ukitaka kusema, mtazame unayemwambia usoni. Ukiambiwa, ngoja amalize. Mikono ikae chini. Na kama kuna hasira ya miaka mitatu, mwenye kuistahili kwanza ni mimi. Niko makaburini. Siendi popote."

Akampa Leonsi ishara kwa kichwa: zima.

* * *

Kilichokuja kwanza kilikuwa upepo. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba ushanga uliupunguza na upepo. Nyavu zilivuma juu yao, mtu akapiga chafya, mguu ukasugua changarawe. Kisha kimya. Watu zaidi ya mia walisimama wamefumba midomo kwa nguvu, kila mmoja akiogopa kinywa chake.

Sabina alikuwa amepanda mpaka karibu na jeneza. Magugu yalikuwa bado mkononi.

"Desderia," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, tofauti kabisa na ile aliyoizoea. "Mimi nilikuambia, 'Ulaaniwe.' Ndiyo nilisema. Ofisini kwako nilisema, na leo tena nimesema. Ukanipa glasi ya maji. Nimekulaani, wewe unanipa glasi ya maji na tabasamu. Nikatoka pale nikajua hata laana yangu haina kazi. Unajua mtu anajisikiaje, laana yake isipofika?"

Mtu alisema, "Jamani, Mama Nolasko, msibani hapa..."

"Mwache," alisema Desderia.

"Mwanangu amezikwa kama karani wa serikali! Hotuba! Nolasko, mtoto aliyekuwa anacheka mpaka anajamba kanisani! Mimi sijalia, Desderia. Nimekaa na kilio humu kama jiwe la figo. Na wewe unapita barabarani, 'Shikamoo mama, habari za nyumbani.' Ungwana! Heri ungenipiga kofi!"

Maneno yalimwingia Desderia yote, na hakuna kilichoyapunguza. Alitaka kusema habari za Kastori. Alitaka kusema kwamba kanuni ilikuwa ya watu wote. Alikaa kimya mpaka Sabina akaishiwa pumzi, na hata hapo akangoja kidogo, asije akamkata.

"Nimesikia," alisema. "Laana zote zimefika."

Halafu akageukia shimo.

"Mtani."

"Nipo!" Mama Kolumba alidakia, na sauti yake halisi ilikuwa kama bati linalokokotwa juu ya mawe. Watu kadhaa walishtuka. "Mmezibuka masikio? Au niendelee kuwa malaika? Leo nimesema matusi ya kuoza, mnaniitikia amina! Nikasema hawa Wahehe wamekufa wote au ni mmoja tu?"

"Toka humo, mtani. Kuna kaburi lingine linakungoja. Kijana wa pale chini, Nolasko Mgongolwa, aliyeanguka kwenye nguzo ya nyavu. Hajasemwa mpaka leo."

Mama Kolumba alimtazama, kisha akalitazama jeneza. "Na huyu Gaspari wako?"

"Baba atasubiri. Aliyetangulia kunyimwa atangulie kupewa."

Ulipita mnong'ono kati ya watu. Jeneza likae juani, la baba wa Meya, kwa ajili ya kaburi la masika? Mama Kolumba hakuuliza mara mbili. Alinyoosha mkono, akavutwa, akateremka kilima kwa mwendo ule ule wa bega la kushoto chini, na watu wakamfuata. Sabina alikuwa wa mwisho kuondoka, kama asiyeamini.

"Wewe Nolasko!" Mama Kolumba alipiga teke la upole kwenye udongo wa kaburi. "Mhehe gani anaanguka juu ya nguzo? Babu zako walikuwa mahodari wa kupanda miti kila walipotuona sisi tunakuja! Wewe umepanda bila kufukuzwa, ndiyo maana hukujua kushuka! Na mguu mkubwa hivyo, saizi ya mtumbwi, uliteleza vipi? Nasikia kanisani ulikuwa unajamba. Padri akadhani ni kinanda!"

Sauti ilimtoka Sabina. Mwanzoni ilikuwa kama kikohozi. Alijishika tumbo, akainama, na kikohozi kikageuka kicheko kirefu, chenye kwikwi, na kicheko kikapasuka katikati kikawa kilio, akaenda chini kwenye magugu yake. Wanawake wawili walimwahi, wakamshika. Walikuwa wanacheka na kulia nao pia.

Leonsi alimshika Desderia kiwiko. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Kwenye mapipa wameanza."

"Wanapigana?"

"Wanatukanana. Vibaya. Mtaa wa Chini wanasema foleni yao imekuwa ikirukwa tangu mwaka jana, na sisi tulikuwa tunasikia asante." Alikitazama tena kibao. "Mmoja ameokota jiwe. Wenzake wamemwambia aliweke chini. Ameliweka. Bado amelikanyaga."

Desderia alifumba macho. Jiwe chini ya mguu. Hivyo ndivyo mji ulivyokuwa siku zote, pengine. Ni yeye tu aliyekuwa haoni mguu.

"Nenda wewe. Usipeleke mgambo. Waambie foleni yao nimeisikia, nakuja nikishamzika baba, na kila mmoja atasema mpaka amalize. Simama katikati yao, Leonsi. Wewe ni mrefu, utaonekana."

"Nikipigwa jiwe?"

"Utakuwa umepigwa ukiwa katikati. Nenda, kaka."

Akaenda, mbio, kibao kikining'inia mkononi bila kazi.

Mama Kolumba alikuwa tayari amekwisha kupanda tena na kurudi shimoni. Alisimama ndani ya kaburi la rafiki yake, mikono kiunoni, akitweta.

"Sasa wewe, Gaspari! Bahili mkubwa! Miaka arobaini unanipimia ulanzi, dole gumba umelizamisha ndani ya kikombe, eti ujazo! Nimekunywa kucha zako kuliko ulanzi wako! Umeimba besi kwaya nzima ikahama parokia! Nami najua kilichokuua. Si moyo. Ulisikia Wangoni tunakuja kukutembelea, ukaona bora ukimbilie ardhini! Angalia, hata suruali umeacha!"

Desderia alisikia kila neno. Alimwona baba yake mzima mzima, dole gumba ndani ya kikombe, akisema, "Kunywa, mama, kimejaa." Kitu kilikatika kifuani mwake. Alicheka, na machozi yakamtoka mpaka shingoni, na hakuyafuta. Mama Kolumba naye alikuwa analia ndani ya shimo, kamasi na mate, kofia imemwangukia puani, lakini alikuwa amenyanyua uso, anasubiri. Ametupa neno, na neno halijarudi.

Watu wote walimgeukia Meya wao. Hawakumtazama begani.

"Toka kwenye kaburi la watu, Mngoni we!" alisema Desderia kwa sauti iliyopasuka. "Hilo tumelichimba la mtu mmoja. Lako siku ikifika tutachimba mawili, na hilo la pili litakuwa la ulimi!"

Mama Kolumba alipiga kelele ya furaha, akanyoosha mikono yote miwili juu, ili avutwe.